Kabureta Mbili na Mpira wa Mzee Hemedi

Ukimwona fundi amefungua boneti na mkono wake wa kwanza umekwenda kwenye kabureta, mnyang'anye bisibisi, mpe kiti akae. Nusu ya magonjwa ya kabureta hayako kwenye kabureta. Yako kwenye plagi, kwenye platini, kwenye waya uliotafunwa na panya, kwenye tangi lililoshika kutu. Mzee Hemedi, aliyenifundisha kazi pale Shinyanga mjini, alikuwa akisema kabureta ni mke wa pili, kila baya la nyumba anasingiziwa yeye. Yeye mwenyewe alikuwa na mke mmoja tu, kwa hiyo sijui alijuaje.

Ninyi mnaokuja hapa kwangu na vikompyuta vyenu vya kuchomeka chini ya usukani mnaniuliza kila siku, "Babu, zamani mlijuaje kama petroli imezidi au hewa imezidi?" Tulinusa, kwanza. Halafu tulichomoa plagi tukaitazama rangi. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama imepigwa chokaa, hewa imezidi. Ikiwa kahawia, rangi ile ya ganda la karanga, funga boneti urudi nyumbani ukale. Tuliweka kiganja nyuma ya eksozi tukahesabu pumzi. Na wengine wetu tulijidai tunasikia wakati hatusikii. Hilo la mwisho ndilo nataka kuwaeleza, na limefungana na kosa langu mwenyewe, ila msinikimbize. Mtu wa kabureta hakimbizwi.

Jina langu Doto. Kwetu Usukuma ukizaliwa pacha wa pili hapana mjadala, wewe ni Doto, na aliyekutangulia ni Kulwa. Kulwa wangu ni dada, alibaki Kharumwa akilima pamba na wazee wetu. Mimi jembe lilinishinda. Nilikwenda Shinyanga nikapata kazi kwenye gereji ya Bwana Seif, nyuma ya soko. Bwana Seif alikuwa mtoto wa mjini, babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, mama yake Msukuma wa Maganzo. Alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache. Akikasirika hapandishi sauti, anaishusha, na hapo ndipo unatafuta pa kupita.

Fundi wake mkuu ndiye huyo Mzee Hemedi, Mzaramo wa Kisarawe, aliyekuja bara kijana akaoa Msukuma na kuzaa hapa. Sasa mnajua Wasukuma na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri kabisa, halafu akaniuliza kama nimeoga au nimetoka moja kwa moja zizini. Nikamjibu kwamba zizini kuna ng'ombe, na kwao Kisarawe ng'ombe wanamjua kwa kusimuliwa. Akacheka mpaka akashika meza. Tukaanza kazi.

Alinifundisha mambo madogo ambayo hayako kwenye kitabu. Kwa mfano, ile miaka ya shida, petroli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, watu walikuwa wanaichanganya na mafuta ya taa. Gari linakohoa, linatoa moshi, mwenye gari anaapa kabureta imekufa. Usibishane naye. Chovya kidole kwenye tangi, kipungie hewani. Petroli inakauka haraka na kidole kinapata baridi. Mafuta ya taa yanabaki yanateleza. Au gari likitoka Dar es Salaam kuja huku juu, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo petroli inaonekana imezidi bila mtu kugusa kitu. Mwulize mwenye gari ametoka wapi kabla hujamwuliza gari lina nini.

Na umwangalie anavyoendesha. Padre mmoja wa upande wa Ushirombo alituletea gari linalokunywa petroli kupita kiasi. Tulifungua kabureta mara mbili. Tukabadilisha plagi. Siku ya pili Mzee Hemedi akachoka, akamwambia, "Baba, panda, endesha kama unavyoendesha siku zote." Padre akapanda, akavua mkoba wake wa misa, akautundika kwenye kitasa cha choki. Choki, kwa msioijua, ni ile unayoivuta asubuhi ili injini baridi ipate petroli nyingi. Yeye alikuwa anaivuta kwa uzito wa mkoba kutoka parokiani mpaka mjini. Mzee Hemedi akainama dirishani, akasema, "Baba, shetani nimemwona, amevaa kamba ya ngozi." Tulimgongelea msumari wa kutundikia mkoba, akaenda zake.

Haya, sasa gari lenyewe.

Lilikuwa gari dogo jekundu la michezo, viti viwili, paa la turubai, limekaa chini kiasi kwamba ukiingia unajiona umeketi kwenye beseni. Lilikuwa la mhandisi mmoja Mwingereza wa mgodi wa dhahabu kule Geita. Mgodi ulipofungwa, wageni wakaondoka, gari likabaki, na aliyelinunua alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemtegemea: Mama Veneranda, mkunga wa hospitali. Msumbwa wa Masumbwe, mama wa makamo, mnene, Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote. Akilipita soko watu waliacha kupima mchele. Nusu ya watoto wa mji ule walizaliwa mikononi mwake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumcheka kwa sauti.

Injini ya gari lile ilikuwa na kabureta mbili zinazofanana, zimepangwa bega kwa bega. Mzee Hemedi alipoziona tu akazibatiza Kulwa na Doto, ya mbele Kulwa, ya nyuma Doto. Ndipo taabu yangu ilipoanza. "Doto anavuja." "Doto amelewa petroli, mpunguzieni." Mteja anageuka kunitazama mimi.

Kabureta pacha zina shida moja: lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi ya mwenzake, gari linakosa sailensi, yaani ukiondoa mguu kwenye mafuta injini haitulii, inapanda na kushuka, inatetemeka, mwisho inazima kwenye njia panda mbele ya watu. Dawa yake ni kusikiliza. Unachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Unasikia mvumo wa hewa inayoingia. Unahamia ya pili. Yenye mvumo mkubwa unaipunguza skrubu, yenye mdogo unaiongeza, mpaka zivume sawa.

Mpira wa Mzee Hemedi ulikuwa mweusi, urefu wa mkono, na ulikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Alikuwa akiuweka sikioni, anafumba macho, mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye injini kama mtu aliyechoka, na wenye magari walikuwa wanabana pumzi wenyewe wasije wakamharibia. Sijawahi kuona gari lililotoka chini ya mpira ule likakosa sailensi.

Kosa langu lilitokea wakati wa kiangazi. Vumbi la barabara ya Kahama mnalijua. Vichujio vya hewa vya gari la Mama Veneranda vilikuwa vimechakaa, waya zimetoboka, na vipuri vyake hata kwa kuagiza havikuwepo. Mzee Hemedi alikuwa ameshamaliza kulipanga gari, sailensi imetulia, akaniachia kazi ya kufunga vichujio. Mimi mtoto wa pamba nikajiona nina akili. Nikachukua pamba iliyochambuliwa, ya nyumbani, nyeupe safi, nikailoweka kidogo kwenye oili, nikaishindilia ndani ya vichujio vyote viwili nyuma ya waya. Nikasema vumbi sasa litakoma. Sikumwambia mtu. Nilitaka nije nimwambie baadaye, gari likishakaa mwezi mzima bila kasoro, nimringie.

Halikukaa hata wiki. Mama Veneranda alipata habari kwamba shangazi yake amefariki Masumbwe. Akatoka alfajiri. Mbele ya Isaka gari likaanza kukohoa, likatoa moshi mweusi, likazima, na halikuwaka tena. Alikaa pembeni ya barabara mpaka lori la pamba, angalieni mambo ya Mungu, lori la pamba likamfunga kamba na kumvuta. Alifika Masumbwe kaburi limeshafukiwa.

Lori lilelile ndilo lililolirudisha gari gerejini, Jumamosi asubuhi. Mama Veneranda alishuka taratibu, kitenge chake kina vumbi, akatuamkia wote. Halafu akamwambia Bwana Seif, "Nimekuta wanakung'uta majembe." Habari ya moshi mweusi tuliipata kwa dereva wa lori.

Bwana Seif akageuka kwa Mzee Hemedi, akashusha sauti. "Mzee, watu wananiambia masikio yako yamekwisha. Nimekuwa nawakatalia. Gari hili umelipanga wewe." Mzee Hemedi alikuwa anamtazama mdomo. Bwana Seif akaendelea, "Hakuna mtu kuligusa mpaka Jumatatu. Jumatatu utalipanga mbele yangu na mbele ya mama. Likitulia, sawa. Lisipotulia, nitakushukuru kwa miaka yote, urudi Kisarawe ukapumzike."

Kisarawe kupumzika wapi? Mzee wa watu hakuwa na shamba kule wala nyumba, ndugu wenyewe aliwaacha wakiwa wadogo. Mke wake wa hapa, watoto wa hapa, hata kikohozi chake kilikuwa cha vumbi la hapa. Na mimi nilishajua tangu niliposikia habari ya moshi mweusi. Ile pamba yenye oili ilikuwa imedaka vumbi ikawa tope, injini imekosa pumzi, petroli ikazidi mpaka plagi zikazama. Nilijua, na nilisimama pale na kitambaa mkononi nikifuta spana iliyokuwa safi. Vijana wangu, nimefanya mambo mengi ya kijinga, lakini kufuta ile spana ndilo linalonichoma mpaka leo.

Jumapili sikwenda kanisani, niliogopa kumkuta Mama Veneranda. Mchana nikajikaza nikaenda nyumbani kwa Mzee Hemedi nikamwambie. Mkewe, Mama Zuhura, akanikaribisha kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. "Karibu, ng'wanawane, mwanangu, kula, umekonda." Nikakaa. Zuhura, binti yao, alikuwa anataka kumwita baba yake aje ale. Hakumwita. Alipiga mguu chini mara mbili, mzee akageuka. Kidogo mtoto mwingine akamvuta kanzu ndipo amwambie neno. Wote wa nyumba ile walikuwa wanafanya hivyo bila kufikiri, ilikuwa desturi yao ya siku nyingi.

Kumbe ni kweli, mzee ni kiziwi. Kwa hiyo hata nikikiri habari ya pamba, kesho atatakiwa kuweka mpira sikioni mbele ya Bwana Seif, na hatasikia kitu. Kando ya mlango niliona sanduku la bati limefungwa kamba. Nilimeza michembe yangu, nikaaga, nikatoka bila kusema nilichokwenda kusema. Nilikwenda na dhambi moja, nikarudi nayo na hofu juu yake.

Jumatatu tulisimama wote kulizunguka gari: Bwana Seif na kikombe chake cha kahawa, Mama Veneranda na sare yake nyeupe, mimi na Mzee Hemedi. Mzee alianza pale anapoanza siku zote. Alichomoa plagi, zote nne nyeusi tii, akazipanga kwenye gazeti. Halafu akafungua kichujio cha kwanza. Niliona vidole vyake vinasimama. Akaitoa pamba yangu, imekuwa tope jeusi, akaitazama kidogo. Akafungua kabureta ya nyuma, akaona nyuzi nyingine zimejiviringisha kwenye sindano na kuikaba pistoni isishuke. Akazikusanya zote, akazifumba kwenye ngumi.

"Ni nini hicho?" Bwana Seif akauliza.

Mzee Hemedi alimtazama mdomo, akanitazama mimi, akatia ngumi mfukoni. "Vumbi tu."

Sikilizeni. Mtu yule alikuwa ananifukia kosa langu wakati kosa hilohilo linamfukuza kazi. Nikasema, na sauti yangu ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka, "Siyo vumbi. Ni pamba. Niliiweka mimi baada ya mzee kumaliza, na sikumwambia. Tangu Jumamosi najua."

Nilimgeukia Mama Veneranda kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwogopa. "Doto," akasema, "shangazi yule ndiye aliyenilea." Nikamwambia nisamehe, mama. Hakujibu kama amenisamehe au la. Akamwambia mzee, akimgeuzia uso ili amtazame vizuri na kutamka polepole, "Endelea na kazi, mzee wangu." Hapo nikafahamu kwamba mkunga naye anajua, maana kazi yake ni kusoma watu wasioweza kusema.

Bwana Seif akashusha sauti kabisa. "Wewe tutaonana. Lakini mzee bado nataka nimwone akilipanga."

Basi mzee akalipanga, na mimi nilisimama nikiomba kwa watakatifu wote niliowakwepa jana yake. Alisafisha plagi, akazikausha. Akaosha kabureta zote mbili kwa petroli. Nati za chini zinazopandisha na kushusha petroli akazikaza mpaka juu, kisha akazilegeza mizunguko miwili kamili kila moja, ndio mwanzo mzuri kwa kabureta za aina ile, mshike. Akatia oili nyepesi kwenye vikombe vya juu, maana vikikauka gari linasita ukikanyaga mafuta ghafla. Akaniambia niwashe. Likawaka, likitetemeka. Akaenda ukutani, akatungua mpira wake.

Mpira sikioni. Macho akafumba. Mkono wa kushoto akauegemeza kwenye injini. Kulwa, halafu Doto. Akagusa skrubu ya Doto kwa robo mzunguko. Akarudi kwa Kulwa. Akanyanyua pistoni ya kila kabureta kwa ncha ya bisibisi, kidogo tu, unene wa ukucha. Injini ikikimbia na kuendelea kukimbia, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, hewa imezidi. Ikipanda kidogo kisha ikatulia yenyewe, hapo pameiva. Ilipanda kidogo, ikatulia. Akageuka, akakichukua kikombe cha kahawa mkononi mwa Bwana Seif bila kuomba ruhusa, akakiweka juu ya bawa la gari. Kahawa haikucheza.

Bwana Seif aliitazama ile kahawa mpaka nikadhani anaisomea dua. Kisha akasema, "Masikio haya bado mazima. Wanaosema wana lao." Akakichukua kikombe chake akaenda ofisini. Mzee Hemedi akaenda nyuma ya gereji kunawa.

Mimi nikabaki kupanga vifaa. Mpira ulikuwa umeachwa juu ya injini, nikauchukua niurudishe kwenye msumari wake. Mara ya kwanza kuushika. Nikaona nipulize vumbi kabla sijautundika. Nikapuliza. Mashavu yakajaa, hewa haipiti. Nikapuliza tena. Nikauelekeza kwenye jua nikachungulia, hamna mwanga. Ndani katikati nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo, na udongo ule ulikuwa wa zamani, umekuwa jiwe. Hata mwenye masikio ya sungura asingesikia kitu kupitia mle. Miaka yote ile.

Nilipogeuka, Mzee Hemedi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono inachuruzika maji, ananitazama. Niliutundika mpira mahali pake. Akaja, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauweka kwenye bomba linalounganisha kabureta na injini, pale pale alipokuwa akiegemea yeye. Akalegeza skrubu ya Doto kidogo. Nikahisi mtetemo umebadilika chini ya vidole, upande mmoja unagonga, mwingine unateleza. Akairudisha. Ukalingana.

"Mpira ni wa mwenye gari," akasema. "Anapenda kuona unasikiliza."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa nakaa upande wake wa kulia. Mteja akieleza ugonjwa wa gari, mimi nasikiliza, kisha namweleza mzee nikiwa nimemtazama usoni. Injini ikiwa na mlio wa valvu au wa beringi, ambao mkono hauupati vizuri, nasikia mimi, namwonyesha kwa vidole. Hatukuwahi kupanga. Na utani wetu haukupungua, ila nilijifunza kumtukana taratibu ili asome mdomo na apate faida yake.

Adhabu yangu ilikuja pia. Bwana Seif alinioshesha vyuma kiangazi chote. Na Mama Veneranda Jumamosi iliyofuata akaja, akafungua mlango wa lile beseni jekundu, akasema, "Panda." Tukaenda Masumbwe, magoti yangu yamegusa kidevu, yeye anaendesha na kuimba nyimbo za Bikira Maria. Gari halikukohoa hata mara moja. Alinifikisha kaburini, akachota udongo akatia, akaniambia na mimi nitie. Nikatia. Nikamwambia marehemu ukweli wote, habari ya pamba na habari ya spana. Mama Veneranda alisubiri nimalize, kisha akasema twende tukale. Ndivyo alivyonisamehe, kwa wali na maharage.

Miaka ikaenda. Bwana Seif akazeeka, gari jekundu likachoka, Mzee Hemedi alifanya kazi mpaka mwenyewe alipotaka kuacha. Alipofariki, ndugu wakaja kutoka Kisarawe. Na kwenye msiba wa Mzaramo, Msukuma ana kazi yake. Watani hawalii. Watani wanachekesha, wanamwigiza marehemu, wanawazuia wafiwa wasizame. Siku ya tatu nilivaa ovaroli yake, nikachukua ule mpira, nikaenda mbele ya sufuria ya pilau, nikafumba macho, mpira sikioni, mkono nimeegemeza kwenye jiko. "Doto amezidisha maji," nikasema kwa sauti yake. Watu walicheka mpaka wakafutana machozi. Hata Bwana Seif.

Nilikuwa nimemaliza, nauviringisha mpira, Mama Zuhura akaniita nikae karibu naye.

"Siku ile ya gari la mkunga," akaniambia, "alirudi nyumbani mapema. Nikamwuliza, umefaulu? Akasema kufaulu nilijua nitafaulu, mkono haujafa. Nilikuwa naondoka kwa sababu nyingine, nilijua kuna mtu ameligusa gari akanificha. Mtu asiyesikia hawezi kufanya kazi katikati ya watu wanaoficha, siku moja gari litamwangukia." Akanifuta unga wa mkaa shavuni kwa ncha ya khanga. "Halafu akasema, fungua sanduku, Mama Zuhura. Yule Msukuma amesema kweli mbele ya watu. Nimepata masikio."

Mtani haruhusiwi kulia. Mimi nililia mbele ya msiba mzima, na ovaroli yake mwilini, na mpira wake mkononi. Wazaramo wakakaa kikao hapohapo wakanitoza jogoo. Nililipa, tena mkubwa.